Huruma Ijifunze Sheria



Katika kitabu cha nabii Danieli, sura ya 13, tunasimuliwa habari za Susana, mwanamke mwadilifu aliyesingiziwa na wazee wawili waliokuwa pia waamuzi wa watu. Mkutano wote uliwaamini kwa sababu ya umri na cheo chao, naye Susana akahukumiwa kufa. Ndipo kijana mmoja, Danieli, akapaza sauti kupinga. Tumezoea kuusifu ujasiri wake, na ni haki kuusifu. Lakini ujasiri peke yake haukumwokoa Susana. Danieli alitaka kesi isikilizwe upya, akawatenganisha mashahidi, akamwuliza kila mmoja peke yake: ni chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti wake, na uongo ukafunuliwa. Danieli alikuwa na huruma, na tena alijua namna ya kuuliza.

Tunaukumbusha mfano huo kwa kuwa hapa Likasi vijana wengi wa vikundi vyetu wanatamani kuwatetea wanyonge mbele ya sheria. Wanataka parokia ifungue meza ya kuwapokea waliokamatwa, wajane walionyang'anywa nyumba na wakulima waliopoteza mashamba. Nia hiyo ni njema. Lakini maoni yetu ni haya: nia njema isiyofundishwa haitoshi, na mara nyingine humdhuru yule yule tunayetaka kumsaidia. Kabla ya kufungua meza, tuwaandae watu watakaoketi nyuma yake.

Sheria za nchi yetu hazikumsahau maskini. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika ibara ya 17 kwamba uhuru ndio kanuni, na kizuizi ni jambo la pekee. Ibara ya 18 inaagiza kwamba anayekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake, katika lugha anayoielewa, na kwamba asizuiwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kufikishwa mbele ya mamlaka ya sheria. Ibara ya 19 inampa haki ya kusaidiwa na mtetezi tangu uchunguzi wa polisi. Tena sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 juu ya mawakili inaudai uongozi wao uwe na ofisi ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo. Haki hizo zipo. Ila kati ya karatasi na kasho kuna njia ndefu, na haki haiendi kwa miguu yake yenyewe. Lazima abebwe na mtu anayeijua njia.

Tufikirie jambo linaloweza kuipata familia yoyote ya Kikula au ya Panda. Kijana amekamatwa usiku. Asubuhi ndugu zake wanakimbia huku na huku kukusanya pesa, wala hawajui kama pesa hizo ni faini, ni dhamana, au ni kitu kisicho na jina wala risiti. Msaidizi asiyefundishwa atajiunga na mbio hizo, akidhani anasaidia. Aliyefundishwa ataketi kwanza na kuuliza: Alikamatwa siku gani, saa ngapi? Nani amemhoji? Amesaini nini, na je, alisomewa alichosaini? Majibu atayaandika daftarini pamoja na tarehe. Kwa maana jaji akiruhusu mtu azuiliwe kabla ya hukumu, ruhusa ya kwanza ni ya siku 15, kisha huongezwa mwezi kwa mwezi. Asiyezihesabu siku hawezi kusema kwamba zimepita. Mtu anaweza kusahaulika gerezani kwa sababu tu hakuna aliyehesabu.

Majirani zetu wamekwisha kuona jambo hili. Huko Malawi, tangu mwaka 2000, raia wasio mawakili walifundishwa, wakafungwa na kanuni za mwenendo, wakaruhusiwa kuingia magerezani kuwaeleza wafungwa sheria kwa mazoezi na michezo ya kuigiza. Mwaka 2004, Tamko la Lilongwe lilitambua kwamba Afrika haiwezi kuwategemea mawakili peke yao katika kazi hii. Kenya ilipata sheria yake ya msaada wa kisheria mwaka 2016, na Tanzania mwaka 2017. Wasaidizi wa sheria wana nafasi katika sheria hizo.

Basi mafunzo hayo yawe na nini ndani yake? Kwanza, yafundishe mipaka. Msaidizi wa sheria si wakili. Kazi yake ni kusikiliza, kuandika, kueleza, kumwelekeza mtu panapostahili na kufuatilia. Haahidi kwamba mtu atatoka kesho. Hasimami mbele ya jaji kana kwamba amevaa joho. Anayevuka mpaka huo huweza kuiharibu kesi ambayo wakili angeiokoa.

Pili, yafundishe lugha, na hapa hata mawakili wanapaswa kuwa wanafunzi. Wakili kijana amesoma sheria kwa Kifaransa, lakini mama auzaye unga sokoni atamsimulia shida yake kwa Kiswahili. Tuangalie neno moja tu, kufungwa. Kwetu neno hilo hutumika kwa aliyezuiliwa akingoja kesi na kwa aliyekwisha kuhukumiwa. Mama akiambiwa kwamba mwanawe amefungwa, anaweza kudhani kwamba kesi imekwisha, akarudi nyumbani kulia, wakati huo ndio wakati wa kutafuta mtetezi. Kumweleza vizuri tofauti hiyo ni ujuzi, na ujuzi huu hufanyiwa mazoezi.

Tatu, yafundishe kutunza siri na kukataa pesa. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyesomea sheria, aliuawa mwezi Julai 2007 kwa kuwa alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichooza. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Msaidizi anayepokea bahasha ndogo kwa familia yenye hofu anaanza safari ya kuelekea upande mwingine.

Sisi tunaofundisha walimu twajua kwamba hakuna aliyekuwa mwalimu kwa kusikiliza tu. Mwanafunzi hutoa somo la majaribio mbele ya wenzake, hukosolewa, hulirudia. Semina ya siku moja yenye chakula na cheti haimwandai mtetezi. Wajifunzao waigize mahojiano, wajaze daftari, wamfuate wakili hadi parke na mahakamani, na baada ya miezi wakusanyike tena kupima kazi yao.

Tunayasikia mapingamizi. Wengine husema kwamba kazi hii ni ya serikali. Ni kweli, na tusiache kuidai kwake; lakini Kanisa halikungoja ndipo lifungue shule na hospitali. Wengine husema: Tukiendelea kusoma, watu watazidi kuteseka kasho. Neno hilo ni zito. Twajibu kwamba kumtembelea mfungwa, kumpelekea chakula na kuwapa ndugu zake habari hakuhitaji cheti chochote. Bwana ametuagiza sote, na kazi hiyo ianze Jumapili hii. Kumshauri mtu juu ya kesi yake ndiko kunakohitaji mafunzo.

Tunapendekeza mambo matatu. Kila parokia iwachague vijana wawili, mvulana na msichana, kwa kuwa kuna mambo ambayo mwanamke aliyeumizwa atamwambia mwanamke mwenzake tu. Nao wafundishwe na mawakili pamoja na Tume ya Haki na Amani. Sehemu ya sadaka ya Kwaresima itengwe kwa nauli ya mawakili wanaowatetea maskini bure, kwani hata anayetoa kazi yake bure hulipa gari. Na mawakili nao wakubali kufanya mazoezi ya kueleza sheria kwa Kiswahili, wakisahihishwa na watu wa mitaani.

Mtakatifu Ivo wa Bretagne, msimamizi wa wanasheria, tunayemkumbuka tarehe 19 Mei, alisoma sheria miaka mingi Paris na Orléans kabla ya kuitwa mtetezi wa maskini. Hakuona kwamba masomo hayo yalimchelewesha kupenda. Nanyi vijana, katika mkutano wenu ujao, msiulize tu nani ana moyo wa kusaidia. Ulizeni nani yuko tayari kujifunza.