Mkulima wa Chai, Onja Chai Yako

Hapana mpishi mwema apakuaye mchuzi kabla ya kuuonja. Mfugaji aijua ladha ya maziwa ya ng'ombe wake, na mgema alijua tembo lake. Lakini sisi wakulima wa chai tu watu wa ajabu kidogo. Twaingia shambani kabla umande haujakauka, twachuma, twapeleka majani kituoni, karani hupima na kuandika kilo, na hapo habari za majani yale kwetu zimekwisha. Yakisha kupakiwa katika lori hatuyaoni tena. Ladha yake yajulikana na watu wa Mombasa, wa Pakistan, wa Misri na wa Uingereza. Wengi wetu hatuijui.

Najua wako watakaouliza, "Je, hatunywi chai asubuhi na jioni?" Naam, twanywa sana. Lakini tufikiri jinsi tunavyoinywa. Twanunua dukani pakiti iliyo rahisi kuliko zote, twatia majani katika sufuria pamoja na maziwa na sukari, twachemsha mpaka inataka kumwagika, kisha twachuja. Ni kinywaji kizuri, kinashibisha na kutia joto, wala mimi sitakiacha. Lakini maziwa na sukari huficha mengi. Majani mazuri na majani mabaya, yakisha kupikwa hivyo, hukaribia kuwa kitu kimoja.

Maoni yangu ni haya: yampasa kila mkulima wa chai kuonja chai za namna mbalimbali, moja moja, bila maziwa wala sukari, mpaka ajue ni ipi aipendayo na kwa nini aipenda. Atapata faida mbili. Kwanza atafurahi, maana chai ni jasho lake. Pili atakuwa na maarifa ya kulinda fedha zake.

Chai imekaa katika nchi yetu tangu 1903, ilipopandwa Limuru na Mwingereza aitwaye Caine. Kwa miaka mingi ilikuwa mali ya mashamba makubwa tu, na Mwafrika hakuruhusiwa kuipanda kwa biashara mpaka miaka ya 1950. Kiwanda cha kwanza cha chai ya wakulima wadogo kilifunguliwa Ragati, Nyeri, mwaka wa 1957, na shirika la KTDA likaanzishwa 1964. Wazee wetu walipigania haki ya kulima chai. Haki ya kuijua ladha yake hapana aliyetunyima, tumeiacha wenyewe.

Sasa tutazame namna zenyewe. Chai zote hutoka katika mti mmoja. Tofauti huletwa na aina ya mche, na uchumaji, na kazi ya kiwandani. Sehemu kubwa sana ya chai ya Kenya hutengenezwa kwa mashine za CTC, ambazo hukata majani, huyararua na kuyaviringisha yawe punje ndogo. Punje hizo huchachuka upesi, hukaushwa, kisha huchekechwa na kugawanywa kwa ukubwa. Punje kubwa huitwa BP1, ndogo kidogo ni PF1, kisha PD, na zilizo kama unga ni D1. Mkulima akisoma herufi hizo asidhani ni siri za wenye elimu. D1 hutoa rangi na ukali upesi sana, nayo yafaa kwa maziwa. BP1 hutoa ladha polepole, nayo yafaa sana kwa chai ya rangi. PF1 i katikati, nayo yafaa kwa yote mawili.

Namna ya pili ni chai ya kusokotwa, ambayo viwandani huitwa othodoksi. Majani hayakatwi yakawa punje, bali husokotwa yakabaki marefu. Kinywaji chake ni chepesi zaidi, na harufu yake ni nzuri. Wengine husema yafanana na maua au asali. Namna ya tatu ni chai ya kijani, ambayo majani yake hupashwa moto mara moja yasichachuke. Ya nne ni chai nyeupe, itengenezwayo kwa vichipukizi vichanga tu, na vikisha kukauka vyang'aa kama fedha. Ya tano ni chai ya zambarau, itokayo katika mche namba TRFK 306, ambao watafiti wetu wa Kericho waliutoa kwa wakulima mwaka wa 2011. Ukikamua ndimu katika kikombe cha chai hii, rangi yake hugeuka ikawa ya waridi. Watoto hupenda sana kutazama jambo hilo.

Mwaka jana majirani watano tulikusanyika nyumbani kwangu Jumapili alasiri. Kila mmoja alileta chai ya namna moja, kidogo tu. Tulipanga vikombe mezani, tukaonja. Mzee mmoja, ambaye amechuma chai tangu ujana wake, alikunywa BP1 bila maziwa, akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Hii ndiyo tunayopeleka kituoni kila siku?" Nikamjibu, "Ndiyo hii, Mzee." Akasema, "Basi tumekuwa tukiwapa wageni nyama, nasi twanywa mchuzi wa mifupa." Mama mmoja aliipenda chai ya kusokotwa, wala hakutaka kusikia habari za nyingine. Mimi mwenyewe niliyedhani nitapenda ile kali kuliko zote, niliichagua ya zambarau. Chai ya kijani hapana aliyeipenda siku hiyo, na kosa lilikuwa langu: niliichemsha kama chai ya maziwa, ikawa chungu kama dawa ya malaria. Nilipoipika kwa njia iliyo sawa wiki iliyofuata, jirani wawili waliisifu.

Basi ni vema kueleza njia iliyo sawa. Waonjaji wa biashara hutumia gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, na huyaacha majani ndani kwa dakika 6. Hiyo ni kali sana, kwa sababu shabaha yao ni kufichua makosa. Nyumbani chai nyeusi yatosha dakika 3 hadi 5. Tumia maji safi yaliyochemka sasa hivi, na birika lisilonuka moshi. Kwa chai ya kijani, nyeupe na ya zambarau, acha maji yapoe kidogo, yafike joto la digrii 80 hivi, ndipo umimine. Ya kijani usiiache zaidi ya dakika 3.

Tukumbuke na jambo hili. Huku milimani, mita 2,000 juu ya bahari, maji huchemka kwa digrii 93 hivi, lakini Mombasa huchemka kwa 100. Chai yako nyeusi ukiiona nyepesi, usiilaumu upesi. Funika birika vizuri na uiongeze dakika moja. Majani yawekwe katika mkebe wenye kifuniko, mbali na sabuni, vitunguu na mafuta ya taa, maana chai hunyonya harufu upesi.

Onja chai mbili au tatu pamoja, wala si moja leo na nyingine mwezi ujao. Ulimi husahau. Tazama rangi kwanza, je, yang'aa au imefifia? Nusa. Kisha fyonza kwa kelele kama wafanyavyo waonjaji. Nyumbani kwako hapana adabu mbaya katika jambo hili. Ladha ikikupendeza, andika jina lake. Isipokupendeza, andika vilevile.

Sasa nifike penye fedha. Chai yetu huuzwa katika mnada wa Mombasa, ambao ulianzishwa Nairobi mwaka wa 1956 na kuhamia pwani mwaka wa 1969. Kabla ya mnada, waonjaji hupita wakionja mamia ya vikombe kwa siku, na ndimi zao zina sehemu kubwa katika bei. Hawajui jina lako wala shamba lako, lakini wajua kama chai ya kiwanda chako imetokana na majani mawili na kichipukizi, au imetokana na majani magumu. Majani yaliyokomaa hutoa chai nyepesi isiyo na nguvu, yenye nyuzi nyingi. Majani yaliyoshindiliwa katika gunia hupata joto, hugeuka mekundu kabla hayajafika kiwandani, na chai yake hufifia. Makosa hayo hayafutiki kwa mashine yoyote.

Kila mwaka siku ya bonasi inapokuja, wengi huuliza kwa uchungu kwa nini kiwanda kingine kimelipa zaidi. Ni haki yao kuuliza, na wakurugenzi wana wajibu wa kujibu, kwa maana gharama na uendeshaji wa kiwanda pia hupunguza au huongeza malipo. Lakini je, nani kati yetu amewahi kuweka mezani chai ya kiwanda chake na chai ya kiwanda kile kingine, akazionja pamoja? Bila kufanya hivyo twabishana gizani. Mkulima aliyeonja aweza kusimama katika mkutano na kusema, "Chai yetu imefifia, na naona ni kwa sababu ya uchumaji wetu," au, "Chai yetu ni sawa na yao, basi tuelezeni fedha zimekwenda wapi." Maneno hayo yana uzito. Wazee walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Chai ya Kenya imesifiwa miaka mingi, na tusiposimama imara tutaitia maji bila kujua.

Habari za chai ya zambarau zitufundishe pia. Wako wakulima walioipanda kwa matumaini ya bei kubwa, wakaishia kuuza majani yake kwa bei ya majani ya kawaida, kwa sababu kiwanda cha karibu hakikuitengeneza peke yake. Wengine waliing'oa. Kangaita, katika Kirinyaga, kiko kiwanda kilichojifunza kuitengeneza. Lakini sisi wenyewe ni wangapi tuliokuwa tumekunywa hata kikombe kimoja kabla ya kuipanda? Mtu akitaka kupanda maharagwe mapya huuliza kwanza kama yaiva upesi na kama ni matamu. Chai twaipanda kwa kusikia tu. Na tusipoinywa hapa nyumbani, twawezaje kutumaini kwamba wageni wa mbali wataipenda kwa ajili yetu?

Mtu atasema chai hizo ni ghali. Ni kweli kwamba nyeupe na ya zambarau zina bei juu. Lakini gramu 50 hutoa vikombe 12 vya mililita 200, na majirani watano wakichangiana hapana atakayeumia. Tena viwanda vingi huwauzia wakulima wake chai. Ulizeni ofisini mpate BP1 au PF1, kuliko kununua dukani msichokijua. Mwingine atasema kwamba kuonja chai ni anasa ya matajiri. Nami namwambia kwamba tajiri huonja kwa starehe, lakini mkulima huonja kwa kazi, kama fundi ajaribuye kiti alichokitengeneza kabla ya kukiuza.

Tena si lazima wote tupende namna moja. Pwani wana mkandaa wao, na chai ya viungo yenye iliki, mdalasini na tangawizi. Bara tuna chai yetu ya maziwa. Kila nyumba na ichague yake, lakini ichague kwa kujua.

Basi, wakulima wenzangu, kabla ya msimu mkubwa wa kuchuma haujaanza, kusanyeni majirani siku moja. Leteni namna tatu tu, chemsheni maji safi, acheni sukari kabatini kwa saa moja, mkaonje. Kisha kesho yake ingieni shambani. Nawaahidi kwamba mkono uliojua ladha ya majani mawili na kichipukizi utasita kabla ya kuchuma jani la tatu.