Heshimuni dhamiri za wanafunzi wachache



Kuna jambo linaloniuma. Mimi si Shahidi wa Yehova, ila nimefundisha watoto wa Mashahidi. Namkumbuka binti mmoja kwenye paredi ya asubuhi: amesimama wima, mikono ubavuni, midomo imefumbwa, wenzake wakiimba Wimbo wa Taifa ambao imani yake haimruhusu kuuimba. Hakucheka wala kunong'ona. Akachapwa viboko mbele ya shule nzima, nami nikanyamaza.

Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi wa imani hiyo waliofukuzwa na kusimamishwa shule mkoani Mbeya kwa kutoimba. Haikuona kuwa mtoto aliyesimama kwa adabu ameidharau nchi. Hata yule binti hakuidharau; heshima yake niliiona kwa macho yangu. Uhuru wa dini ulio katika ibara ya 19 ya Katiba ni wa kila mtu, hata kama waumini wenzake hawajazi darasa moja.

Naiomba Wizara ya Elimu ihakikishe kila mkuu wa shule anaijua hukumu hiyo. Walimu wenzangu, tusisubiri mzazi akimbilie mahakamani.

Mwalimu mstaafu,
Mbeya