Kabla hujauza redio kaseti ya babu kwa kilo

Santuri zimerudi mjini. Nairobi, pale Kenyatta Market, kuna kibanda kinachojulikana kwa kuziuza, na vijana wa rika lako wanajipiga picha na ampilifaya za Kijapani ambazo mama zetu walizifunika kwa vitambaa vya kufuma sebuleni. Huku kwetu Kwale, kuanzia Ukunda hadi Msambweni, mtu akihama nyumba mashine kama hizo humwendea mnunuzi wa vyuma chakavu, zikapimwa kwa kilo. Hapo tunauza vibaya, na sisemi hivyo kwa sababu ya fasheni.

Nasema kwa sababu ya kaseti. Philips ilitoa kaseti mwaka wa 1963, na miaka ya 1980 redio kaseti ilikuwa ndiyo studio ya mwananchi. Mombasa kulikuwa na Mbwana Radio Service: jina ni la duka la redio, lakini kilicholipa sifa ni kaseti za taarab. Nyimbo za Juma Bhalo na Zein L'Abdin zilivuka kivuko cha Likoni ndani ya mikoba ya abiria. Hizo angalau zina nakala nyingi, na leo nyingine utazipata YouTube. Lakini sengenya iliyorekodiwa uani kwa mtu kule Tiwi? Harusi ya shangazi yako? Mawaidha ya ustadhi aliyekwisha fariki, au sauti ya nyanya akisimulia mji wao ulivyoanza? Nakala ni moja tu, na iko kwenye boksi la viatu juu ya kabati.

Kaseti haifi ghafla kama simu. Ukanda wake ni plastiki iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma kwa gundi, na joto pamoja na unyevu wa pwani huidhoofisha gundi hiyo pole pole. Ukungu nao hufanya yake. Mashine pia inaumwa: mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu huyeyuka ukawa kama lami, kapasita hukauka, na chumvi ya hewa ya bahari hula sehemu za kuunganishia waya. Kwa hivyo redio iliyokaa Diani miaka thelathini huwa mgonjwa kuliko pacha wake wa Nairobi. Lakini huo ni ugonjwa wa kutibika. Mpira ni wa kubadilisha, kapasita ni za kulehemu upya.

Fundi wa zamani alitibu vipi bila Google? Alikuwa na mchoro. Watengenezaji wengi walibandika mchoro wa saketi ndani ya kabati la redio au wakautoa katika kitabu cha fundi. Halafu kulikuwa na magazeti ya elektroniki yaliyomfundisha msomaji kujiundia mwenyewe: Practical Wireless la Uingereza, lililoanza 1932, na Popular Electronics la Marekani, la 1954. Usiyaone ya wazee tu. Toleo la Januari 1975 la Popular Electronics liliweka kompyuta ya Altair 8800 kwenye jalada, Bill Gates na Paul Allen wakaliona, na mwaka huo huo Microsoft ikazaliwa. Matoleo mengi ya zamani yamepigwa skani na kuwekwa kwenye tovuti ya World Radio History, bure. Kijana wa Ukunda mwenye bando leo ana maktaba ambayo fundi wa 1980 hakuiota.

Sasa linganisha na spika yako ya bluetooth. Imegundishwa, betri iko ndani, mchoro hakuna. Ikizima, imezima. Ndiyo maana dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka wa 2022, na asilimia 22.3 pekee ndizo zilizorekodiwa kuwa zilikusanywa na kuchakatwa inavyotakiwa. Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka huo huo wa 2022, inayomtaka mzalishaji awajibikie bidhaa yake hata ikishatumika. Sawa, ni hatua. Lakini fundi wa Msambweni anatafuta spea na mchoro leo, na Bunge la Ulaya limekuwa na ujasiri zaidi hapo: 2024 lilipitisha haki ya kutengenezewa, ingawa kwa bidhaa chache.

Na sisi watu wa Kwale tunajua hadithi ya kuuza kwa uzito. Base Titanium ilimaliza kuchimba mwishoni mwa 2024, na mchanga wetu ulikwenda melini kwa tani.

Basi kabla mzee wa mkokoteni hajafika, toa kaseti zote kwanza, hata zile zisizo na jina. Mpelekee fundi redio, mwambie abadilishe mpira na asafishe kichwa cha kusomea kwa spiriti. Chomeka waya kutoka tundu la hedifoni hadi kompyuta, fungua Audacity, ambayo ni programu ya bure, na uhifadhi faili kwa WAV kabla ya MP3. Kaseti ya dakika 60 itakula dakika 60, njia ya mkato hakuna. Ukiona unga mweupe kwenye ukanda, usiicheze kabisa: ukungu huhamia kwenye mashine, na mashine ikaupeleka kwa kaseti inayofuata. Iweke kando kwenye mfuko wake. Na uanze wazee wangalipo wa kukwambia hiyo sauti ni ya nani.