Wastani wa saa mpakani hauonyeshi hasara ya mfanyabiashara

Tangu vituo vya pamoja vya huduma mpakani vizinduliwe rasmi Busia mwezi Februari 2018 na Namanga mwezi Desemba mwaka huo huo, mafanikio yake yamekuwa yakipimwa zaidi kwa namba moja: wastani wa saa ambazo lori hukaa mpakani. Namba hiyo ina maana, lakini peke yake inaweza kumpotosha mfanyabiashara, hasa yule wa mazao yanayooza.

Chukulia mfano wa vituo viwili, kila kimoja kimepitisha malori matano. Cha kwanza malori yalikaa saa 5, 6, 6, 6 na 7. Cha pili yalikaa saa 1, 2, 3, 4 na 20. Ukijumlisha na kugawa kwa tano, vyote viwili vinatoa wastani wa saa 6. Kwenye ripoti vitaonekana sawa.

Tofauti inajitokeza pale unapopima mtawanyiko. Hesabu yake ni nyepesi: tafuta kila namba iko mbali kiasi gani na wastani, bila kujali iko juu au chini, kisha tafuta wastani wa umbali huo. Huo ndio wastani wa mkengeuko. Kituo cha kwanza kinatoa saa 0.4, na cha pili saa 5.6.

Kwa mwenye lori la saruji, huenda tofauti hiyo si kubwa, kwani saruji husubiri. Lakini aliyepakia nyanya za Arusha kwenda Nairobi ataathirika. Katika kituo cha pili malori manne yalipita haraka kuliko wastani, ila la tano ndilo lililobeba hasara: mzigo kulainika, posho ya dereva kuongezeka na mnunuzi kutafuta bidhaa kwingine. Mwenye lori moja tu hawezi kufidia hasara hiyo kwa wepesi wa malori ya wenzake.

Kulinganisha kabla na baada

Kipimo hicho pia husaidia kupima madai ya mafanikio. Ikitangazwa kwamba wastani umeshuka kutoka saa 8 hadi 6, swali la pili liwe mtawanyiko. Ukiwa saa 0.4 vipindi vyote viwili, nafuu ya saa 2 ni mara tano ya mkengeuko, na kila dereva ataiona. Ukiwa saa 5.6, nafuu hiyo haifiki hata nusu ya mkengeuko, na inaweza kumezwa na kupanda na kushuka kwa kila siku.

Mwaka 2021 ulitoa funzo. Tarehe 5 Machi Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti. Katika wastani wa mwaka mzima, siku hizo huzama. Kwa waliokuwa na malori kwenye foleni, ndizo zilizoamua kama mtaji utabaki.

Kwa hiyo mamlaka za forodha na wizara za biashara zinapotoa takwimu za mipaka, zinapaswa kutoa namba mbili kwa pamoja: wastani na mkengeuko wake. Mfanyabiashara anaweza kupanga safari kwa mpaka ulio mzito lakini unaotabirika. Kwa mpaka usiotabirika, anabaki kubahatisha.