Modeli ihesabu na wa kwenye dungu

Mwandishi wa makala ya modeli za malaria, kuna jambo umeliruka. Modeli inayolishwa takwimu za zahanati haimwoni mbu, inaona kitabu cha MTUHA, daftari la wagonjwa. Mimi nalima mpunga bondeni huku Kilombero. Masika tunahamia shamba, tunalala kwenye dungu, chandarua tumekifunga kwenye miti minne, tunakesha kufukuza nguruwe pori. Mtoto akishikwa na homa, zahanati iko mbali na njia imejaa maji, tunampa dawa ya dukani. Huyo hayumo kitabuni. Kuna mwaka vipimo vya haraka viliisha zahanati tunayotumia. Waliothibitishwa kuwa na malaria "wakapungua". Mbu walikuwa wale wale.

Sizipingi modeli. Takwimu za mbu wa Namawala, hapa hapa kwetu, zimetumika kujenga baadhi yake. Na mradi wa vyandarua vya Zuia Mbu, vilivyoanza kuuzwa 1997 Kilombero na Ulanga, ulipimwa kwa kuwafuata watu majumbani, si kwa kusubiri waje zahanati. Basi kabla wakubwa hawajapanga vyandarua viende wapi, mtu aje masika ahesabu madungu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lenye mapengo je?