Plagi Inapotota Katikati ya Ziwa

Katika mwalo wa Ggaba, kusini mwa Kampala, mashua nyingi huendeshwa kwa injini za petroli zifungwazo nyuma, kwenye tezi. Wavuvi huzitumia, abiria waendao visiwani huzitegemea, na askari wa doria majini vilevile. Injini ikizimika penye kina kirefu, hapana fundi wa kuitwa wala njia ya kushuka na kusukuma. Na tufani za Ziwa Victoria aghalabu huvuma usiku. Mara nyingi kilichozima injini ni kifaa kidogo kienacho kiganjani, nacho ni plagi.

Kazi ya plagi ni kutoa cheche iwashayo mchanganyiko wa petroli na hewa. Katika injini ya mipigo miwili, ambayo bado hupatikana kwa wingi ziwani, cheche hutoka kila mzunguko mmoja. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche zaidi ya 80 kwa sekunde. Ili ijisafishe yenyewe, ncha yake yahitaji joto la nyuzi 450 au 500 za Selsiasi. Mvuvi anapoifuata nyavu polepole kwa muda mrefu, au askari anapovizia kwa mwendo mdogo, joto hilo halifikiwi. Oili iliyochanganywa na petroli haiungui yote. Hujikusanya juu ya kauri ya plagi, umeme ukapita kwenye masizi badala ya kuruka pengoni, na cheche ikatoweka.

Maradhi haya si ya ziwani pekee. Kanada, ambako kampuni ya Bombardier ilianza kuuza gari la thelujini liitwalo Ski-Doo mwaka 1959, waendeshaji wa injini za mipigo miwili huchukua plagi za akiba wanaposafiri mbali, kwa sababu ile ile.

Kosa la wengi ni kutupa plagi nyeusi, kutia mpya na kuondoka. Plagi hiyo ni shahidi, nayo yafaa isikilizwe kwanza. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili ya afya. Nyeusi yenye unyevu yaonyesha oili au petroli imezidi, au mwendo mdogo umedumu mno. Nyeusi kavu kama masizi ya chungu yaonyesha petroli nyingi kuliko hewa, labda kwa kuwa choki imesahauliwa. Nyeupe ni hatari kubwa kuliko zote: injini inapata joto mno, na pistoni yaweza kutoboka.

Kwa hiyo asiwepo mtu wa kupunguza oili ovyo ili plagi isichafuke. Plagi itakuwa safi, lakini pistoni itakwama, na gharama yake haina ulinganifu na bei ya plagi. Kipimo kiandikwacho kwenye kitabu cha injini ndicho kifuatwe. Injini iliyoagizwa sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili huhitaji mililita 400 za oili katika lita 20 za petroli, zipimwe kwa chombo wala si kwa macho. Oili iwe ya injini za mipigo miwili. Ile ya magari huacha majivu kwenye plagi.

Anunuaye plagi, iwe Kisekka au kwingineko, achukue ile ya zamani na kulinganisha namba yote, kwa kuwa namba hueleza pia joto la plagi. Kwa NGK, namba kubwa ni ya plagi ya baridi zaidi. Kwa Champion ni kinyume. Plagi ianzwe kufungwa kwa vidole, kisha ikazwe kwa spana bila nguvu za kupita kiasi, maana njia za skrubu katika aluminiamu huharibika upesi.

Nyumbani nako pana jambo la kuangalia. Jenereta ndogo za mipigo miwili huugua vivyo hivyo, na wengine huosha plagi kwa petroli jikoni. Petroli na sigiri havikai pamoja. Kazi hiyo ifanyiwe nje, watoto wakiwa mbali.

Kabla mashua haijaondoka mwaloni, nahodha ahakikishe ana plagi za akiba zilizofungwa ndani ya nailoni zisilowe, spana yake, kitambaa kikavu, makasia, na koti la kuokolea kwa kila aliyemo. Injini ikilowa petroli, umeme wake uzimwe, plagi zitolewe, kamba ivutwe mara kadhaa ili petroli itoke, mvuke uachwe utawanyike, kisha plagi kavu zitiwe. Yote hayo huchukua dakika chache kwa mtu aliyejizoeza nchi kavu. Gizani, mawimbi yakipiga, si wakati wa kujifunza.