Mita Tano za Waya Zinatosha

Kuna hoja imechapishwa kwamba antena iliyokatwa kwa bendi moja haifai bendi nyingine, hivyo mpenzi wa redio anunue mpya au aweke tyuna mezani. Mwandishi wake hakupiga hesabu.

Urefu wa daipoli ya nusu wimbi hukadiriwa kwa kugawanya 143 kwa masafa ya megahezi. Kwa 14.15 waya wote ni kama mita 10.1, kwa 7.1 ni mita 20.1. Tofauti ni mita 5 tu kila upande. Fundi huacha ziada kidogo, hupima mawimbi yanayorudi, kisha hukata taratibu mpaka yapungue.

Tyuna ya mezani? Hiyo huituliza redio tu. Upotevu ndani ya kebo hubaki palepale.

Faida ya kurefusha waya inaonekana Sigi, bondeni chini ya Amani, Usambara Mashariki. Huko milima huzuia mawimbi ya VHF. Lakini daipoli hiyo ya megahezi 7.1, yaani ya bendi ya mita 40, iliyofungwa chini, mita 5 hadi 10 kutoka ardhini, hurusha mawimbi karibu wima. Mchana ayonosfia huyarudisha, nayo Muheza na Tanga hufikika licha ya vilele.

Ni kweli, waya huo unataka nafasi. Kiwanja kikiwa kidogo, ncha zake huteremshwa au huwekewa koili, ingawa koili hupunguza upana wa bendi. Kinachobaki ni leseni ya TCRA na kutotoka nje ya megahezi 7.0 hadi 7.2.